Sauti yangu ya ndani ilikuwa imeshika ndoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua mnazochapa huwa fupi, na hii si fupi. Kata popote unapoona nimezidisha maneno, ila aya ya mwisho nakuomba uiache ilivyo. Ukifika huko utajua kwa nini.

Wiki kadhaa zilizopita mlichapa makala ya mshauri wa masuala ya maisha, kijana kwa picha mliyomwekea, akitufundisha kuishi kwa shukrani na moyo uliotulia. Alisema tuamke saa kumi na moja alfajiri kabla ya mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba, tukae kimya dakika ishirini, tuandike kwenye daftari mambo matano tunayoyashukuru, halafu kabla ya kuamua lolote tusikilize "sauti ya ndani". Mimi ni mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1980 na nikastaafu 2017 nilipotimiza miaka 60, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imeishia wodi ya wazazi, katika vituo vya mkoa huu wetu wa Tanga. Kuamka saa kumi na moja hakunitishi. Saa hizo ndizo wazazi wangu wengi walipenda kujifungua, tena wale waliokuwa wamelala fofofo tangu jioni.

Siandiki kumcheka yule kijana, maana nilimfuata. Nilinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nikaliweka kando ya kitanda na kalamu juu yake. Siku ya kwanza niliandika: uzima, watoto, chakula, mvua, pumzi. Siku ya pili: pumzi, uzima, watoto, mvua, chakula. Siku ya tatu mvua haikunyesha, nikaweka jua. Siku ya nne nilijiona kama mtoto anayenakili ubaoni huku akili yake iko uwanjani kwenye mpira.

Mjukuu wangu anayesoma chuo Dodoma alikuwa nyumbani kwa likizo. Alipoliona daftari akanifungulia simu yake, na kumbe jambo lenyewe lina wenyewe. Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti wao mwaka 2003. Katika jaribio la kwanza waliwagawa wanafunzi makundi: wengine waandike mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, wengine waandike kero zao, wengine waandike mambo yaliyowatokea tu. Walifanya hivyo kwa wiki 10, na wale wa shukrani wakaonekana kuridhika zaidi na maisha yao. Lakini waliandika mara moja kwa wiki, Mhariri. Mshauri wenu ametutaka kila alfajiri, kama dozi ya malaria. Na hilo kundi la kero, wangenichukua mimi, ningewamalizia karatasi.

Sisi Waswahili kwa kushukuru hatujambo. Muulize mtu aliyeunguliwa na nyumba jana, "Habari za huko?" Atakujibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu," ndipo afuatishe "ila". Hiyo "ila" ndiyo yenye habari. Nzuri, ila mtoto anaharisha tangu juzi. Nzuri, ila miguu imevimba na macho naona nyotanyota. Nimekaa kliniki ya wajawazito miaka mingi nikisubiri "ila" za akina mama. Mkunga asiye na subira huandika "nzuri" kwenye kadi na kumwita anayefuata. Sasa daftari langu lilikuwa limejaa "nzuri" tupu, na aliyekuwa anajidanganya ni mimi niliyefundisha wanafunzi wangapi sijui kusubiri "ila".

Siku ya tisa niliandika maneno mawili tu: Mama Jiki. Nikafunga daftari. Chai ya asubuhi ile sikuimaliza.

Mama Jiki si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mhudumu wa usafi, na vidole vyake, gauni lake, hata kitambaa chake cha kichwani, vyote vilinuka jiki. Ndiye aliyeloweka vifaa vyetu, ndiye aliyefua mashuka yenye damu, ndiye aliyepiga deki wodi nzima kabla ya mganga kupita asubuhi. Alinizidi umri kwa miaka isiyopungua minane. Lakini kazini yeye aliniita Sista, na mimi sikumpa shikamoo hata siku moja. Nguo nyeupe ilikuwa imenipandisha juu ya umri wake, na wala sikuliona hilo kuwa ajabu. Hata semina za uzazi salama zilipotufikia, baada ya ule mkutano wa Nairobi wa mwaka 1987, tulioketi kufundishwa tulikuwa wauguzi na waganga. Wahudumu walipanga viti na kuchemsha chai.

Ilikuwa mwaka 1994, wakati wa masika, katika kituo ambacho sitakitaja. Umeme ulikatika tangu jioni. Tuliwasha karabai leba, na wodini chemli moja. Nilikuwa muuguzi peke yangu kwa zamu ya usiku, na wazazi wanne: mmoja amejifungua saa sita na robo, wawili wako kwenye uchungu, wa nne ana siku ya pili na anangoja kuruhusiwa. Aliyejifungua ulikuwa uzazi wake wa tano. Baada ya kondo la nyuma kutoka nilimpapasa tumbo, nikakuta mji wa mimba umejikaza, mgumu kama dafu, inavyotakiwa. Damu ya kawaida. Nikamfunika kanga zake, nikamwekea mtoto ubavuni, nikaenda kwa mwenye uchungu aliyekuwa anapiga kelele. Wodi yenye muuguzi mmoja, mwenye kelele ndiye anayempata.

Saa nane hivi Mama Jiki alinifuata leba. Alisimama mlangoni, ndoo mkono huu, dekio mkono huu.

"Sista, yule mzazi wa namba sita simpendi."

Nilikuwa nimeinama, fetoskopu sikioni, nahesabu mapigo ya mtoto tumboni. Wale wasiokijua kifaa hicho, ni kibomba kifupi chenye mdomo kama tarumbeta. Mfaransa Adolphe Pinard alikibuni mwaka 1895, na mpaka nastaafu kilikuwa bado mfukoni mwangu. Ubaya wake ni mmoja: ukiondoa sikio katikati ya hesabu, unaanza upya. Nikamjibu bila kugeuka, "Wewe shughulika na ndoo zako." Akaondoka. Nilisikia ndoo ikigonga kizingiti.

Mapigo yalikuwa 140. Salama, maana wasiwasi huanza yakishuka chini ya 110 au yakipanda juu ya 160. Nikaenda kunawa.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo. Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliyepiga marufuku kukimbia wodini. Ukiitwa kwa makelele alikusimamisha kwenye koki: nawa kwanza. Na si kuchovya. Sabuni, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba moja moja, kucha, halafu mpaka kwenye kiwiko. Tulinung'unika kwamba mtu anaweza kutufia huku tunasugua kucha. Akatuambia mkunga anayekimbia hufika mikono tu, kichwa bado kiko njiani. Yeye alikuwa anatufundisha habari za vijidudu. Mimi nilichobaki nacho maisha yote ni ile nusu dakika, au dakika nzima ukiifuata sawasawa, ambayo hakuna ndugu wa mgonjwa wala mganga anayeruhusiwa kukuuliza kitu. Maji yanatiririka, macho yako kwenye vidole vyako, basi. Dakika ishirini za mshauri wenu sijawahi kuzipata katika maisha yangu ya kazi, wala ya ndoa, wala ya kulea watoto watano. Hizo za kwenye koki nilizipata mara nyingi kila zamu, na hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo utulivu wenyewe.

Usiku ule nilikuwa nasugua gumba la kushoto ndipo maneno yale yaliporudi. Simpendi. Hakusema anaumwa, hakusema anatokwa damu. Mhudumu anayejua kwamba atafokewa ametembea wodi nzima kuja kuniambia hampendi mtu. Machale yakanicheza. Mikono ikiwa bado na povu nikageuka kuelekea wodini, na hapo, namwomba radhi mkufunzi wangu, nilikimbia.

Nilimkuta macho wazi, anapiga miayo. Akina mama msiokuwa wauguzi, naomba mlishike hili: mtu aliyetoka kujifungua akianza kupiga miayo huku amenyamaza na ngozi imepoa, usidhani ana usingizi, muite muuguzi. Paji lake lilikuwa na jasho la baridi. Nilimshika mkono, mapigo yanakimbia na ni membamba kama uzi. Chini ya kanga palikuwa na damu, lakini si ya kukufanya upige yowe. Iliyotisha ilikuwa ndani. Kibofu kilikuwa kimejaa, kimeusukuma mji wa mimba pembeni, nao umelegea kama unga uliozidishiwa maji, ukawa unajaza damu kimyakimya. Nilipousugua yakatoka mabonge makubwa kama maembe. Tulifundishwa kuogopa nusu lita. Usiku ule tulikuwa tumeshaipita.

Nilipitisha mpira wa mkojo, nikachoma sindano ya kukaza, nikatundika dripu, na mkono wangu haukutoka tumboni pale mpaka liliporudi kuwa dafu. Katikati ya hayo niligundua kwamba naona vizuri. Chemli ilikuwa juu ya bega langu, imetulia, haitikisiki. Mama Jiki ndiye aliyeishika. Sikumwita. Alikuwa ameshafika kabla yangu. Mganga wa zamu alipoamshwa na kufika kutoka nyumbani kwake, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Yule mama aliondoka pale kwa miguu yake, na mtoto mgongoni.

Asubuhi niliandika ripoti ya zamu. Niliandika kwamba muuguzi wa zamu aligundua mzazi wa kitanda namba sita ana hali mbaya, akachukua hatua hizi na hizi. Hakuna uongo ndani yake ukisoma neno moja moja. Mganga Mfawidhi aliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akasema, "Huyu ana jicho." Mlango ulikuwa wazi, na Mama Jiki alikuwa anapiga deki kwenye korido. Niliuona mgongo wake. Wanasema asante ya punda ni mateke. Teke nilishampa usiku, asubuhi nikamwongezea kimya.

Na haikuishia hapo. Mume wa yule mama alituletea mkungu wa ndizi na jogoo. Jogoo nikapewa mimi, ndizi tukagawana wauguzi. Baadaye, kwa miaka zaidi ya ishirini, nikawa nawasimulia wanafunzi kisa kile kama mfano wa machale ya mkunga. Nilikisimulia vizuri, walikuwa wanatulia tuli. Karabai ilikuwamo, mvua ilikuwamo, miayo ilikuwamo. Ndoo haikuwamo.

Turudi kwenye hiyo sauti ya ndani. Mjukuu wangu akanionyesha na hili. Kuna watafiti wengine wawili. Gary Klein alikaa na wazima moto akaona namna wanavyojua nyumba inakaribia kuanguka kabla hawajaweza kueleza wamejuaje, hivyo akawa mtu wa kuyaamini machale. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa mtu wa kuyatilia shaka. Badala ya kurushiana maneno wakakaa pamoja, na mwaka 2009 wakachapisha walichokubaliana: machale yanaaminika pale ambapo mambo yana utaratibu wa kujirudia, na mtu amekaa nayo muda wa kutosha akiona alipopatia na alipokosea. Na wakaongeza kwamba mtu kuwa na uhakika moyoni si ushahidi kwamba yuko sahihi.

Hilo la mwisho mimi nimelilipia kwa fedha taslimu. Mwaka 2016, nikikaribia kustaafu, nilionyeshwa kiwanja. Nikasimama chini ya mwembe, upepo unavuma, ndege wanalia, roho ikatulia kabisa. Kitu kikaniambia hapa ndipo kwako. Nikalipa. Kumbe wawili walikuwa wameshalipa kabla yangu, na wote tulionyeshwa mwembe uleule. Machale yangu yaliwajua wazazi, hayakuwajua madalali. Kwa hiyo mtu akiniambia nisikilize sauti ya ndani na kuishia hapo, namuuliza: ya nani, na imekaa wapi miaka yote hiyo hata ijue?

Baada ya siku ile ya tisa nilianza kumtafuta Mama Jiki. Kwetu huku ukitaka kumpata mtu wa zamani, nenda msibani. Kwenye arobaini moja Muheza nilikutana na aliyekuwa dereva wetu wa gari la wagonjwa, sasa ni mzee wa fimbo. "Mama Jiki? Si alirudi kwao Mwera!" Mhariri, mimi nilipostaafu nilihamia Pangani mjini, kwao marehemu mume wangu. Mwera iko ng'ambo ya mto. Miaka yote hiyo mto tu ndio ulikuwa kati yetu, na kila wiki nanunua nazi za huko.

Nilinunua sukari, majani ya chai na doti moja ya kanga. Kwenye kanga nilikaa muda mrefu kuliko nilivyochagua za harusi ya binti yangu, maana nyingi pale dukani zilikuwa na maneno ya kumsema jirani au ya wivu wa mapenzi. Kijana wa duka alinifunulia mpaka akaanza kupumua kwa nguvu. Mwisho nikapata moja: Wema hauozi. Nikaona inafaa.

Asubuhi yake pantoni ilikuwa upande wa Bweni, ikabidi kusubiri. Kulikuwa na bodaboda, watu wa sokoni, mama mmoja na matenga ya kuku, na mto ukipita mbele yetu na maji yake yaliyotoka huko Kilimanjaro na Meru. Nilikuwa na wasiwasi kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nikatazama mikono yangu nikaikuta inasuguana yenyewe: viganja, katikati ya vidole, gumba la kushoto. Mama wa kuku akaniuliza kama nasikia baridi.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, anachambua kunde kwenye ungo. Amekuwa mdogo, kama vile aliloweshwa na kuanikwa mara nyingi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo."

Akanitazama. "Marahaba, Sista." Kana kwamba tuliachana jana kwenye kubadilishana zamu.

Nilimweleza yote, tangu chemli mpaka jogoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Hakukumbuka. "Usiku upi, Sista? Zamu za usiku zilikuwa nyingi." Alikumbuka mengine: kwamba nilipenda viazi vitamu vya kuchemsha, kwamba siku moja nilimpa ndala zangu zake zilipokatika, jambo ambalo mimi silikumbuki hata kidogo. Nikamwambia basi hata kama hukumbuki, nieleze, ulikuwa unajuaje? Akaendelea kuchambua, akatupa punje mbovu, akafikiri.

"Mimi si napiga deki? Nikipita chini ya kitanda kila mzazi ana neno. Huyu, dada nisogezee ndala. Huyu, kumekucha? Kama huyo unayemsema ni yule aliyekuwa anamtukana mumewe, basi nilipita mara ya kwanza anatukana, mara ya pili anatukana, mara ya tatu kimya. Mtu hanyamazi vile na mume bado hajafika."

Nilicheka mpaka ungo ukayumba.

Kanga aliipokea kwa mikono miwili. Hajui kusoma, akamwita mjukuu wake amsomee maneno. Wema hauozi. "Hauozi," akasema, "ila unachelewa njiani. Kwani ulipanda pantoni gani?" Akajitanda papo hapo na kurudia kunde zake, nami nikasogea kumsaidia. Hatukuzungumza mengi baada ya hapo. Aliniuliza bei ya nyanya Pangani. Nilimuuliza habari za miguu yake. Nadhani tulikaa saa mbili, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue lile daftari sikuwa natafuta kutulia.

Nilipoinuka kuaga, akaniangalia.

"Sista, umeinuka umefumba macho. Na tangu umekuja unashika kisogo. Hujambo wewe?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

Akanyamaza. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, anangoja.

Ikabidi niitoe. Ila vidonge vya presha viliniishia wiki tatu zilizopita, na kwa kuwa siku hizi najisikia moyo umetulia, sikuenda kuchukua vingine. Hakunifokea, ingawa zamu ya kufoka ilikuwa yake. Alisema tu, "Kesho usiende sokoni, nenda kapime." Kesho yake nilikwenda. Muuguzi, binti mdogo, alifunga kile kitambaa mkononi mara mbili akidhani amekosea: 178 kwa 104. Nikapewa dawa na maneno yangu. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari langu la shukrani nikahesabu. Ukiacha siku ile ya tisa na siku chache nilizosahau, kila alfajiri nilikuwa nimeandika "uzima".

Kile kitabu cha ripoti cha mwaka 1994 nimekiulizia. Aliyeko sasa ameniambia stoo ya zamani ilivuja, mchwa wakamalizia kilichobaki. Kwa hiyo hakuna ukurasa ninaoweza kuufungua nikausahihisha, na ndiyo sababu nimeandika kwenu. Mama Jiki nilimuuliza kama anaridhia, akasema gazeti litamfikia likiwa limefungiwa maandazi. Naomba mchape kama nilivyotakiwa kuandika asubuhi ile:

Saa 8:00 usiku mhudumu wa usafi, akiwa kazini kwake, alimwona mzazi wa kitanda namba 6 amenyamaza, akamwarifu muuguzi wa zamu. Muuguzi hakumsikiliza. Alikwenda baada ya dakika kama 10. Mhudumu alishika taa mpaka mwisho.

Mkunga mstaafu,
Pangani, Tanga
(Jina na anwani nimewaachia wahariri.)